Kaskazi ikianza kuchoka: niliyowaambia watu wa Chanika

Haya, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, wazee wangu shikamooni, kina mama habari za tangu asubuhi, na nyie vijana mliokaa juu ya pikipiki kule nyuma mambo vipi. Mwenyekiti ahsante sana kwa nafasi. Nimeambiwa nije niseme habari za kujiandaa na masika, mbegu, mitaro na nini na nini, na nitasema, ila kiukweli kila mwaka tunaongea masika tu utadhani inashuka ghafla usiku mmoja, wakati kabla ya masika kuingia kuna kitu kinatoka, kinatoka taratibu, na hapo kinapotoka ndo patamu penyewe. Kwa hiyo mnivumilie, mi naanza na kiangazi kinavyoondoka. Na kabla sijaendelea, mnaona kile kijiti nimekichomeka pale katikati ya uwanja, watoto msikiguse, msikisogelee hata, ikifika saa 6:35 mchana tunasimamisha kila kitu twende wote tukakiangalie. Kwa nini, mtaona hukohuko.

Watu wa Dar tuna utani wetu kwamba mji huu una misimu miwili, joto na joto la mvua. Mi nilikuwa bwana shamba, wengi hapa mnanijua, nimestaafu, sina ofisi wala pikipiki ya serikali, kazi yangu sasa hivi ni kukaa kibarazani na kuangalia, na ninachokiona ni kwamba kuanzia katikati ya Februari mpaka Aprili hapa kwetu kunakuwa na kuhama kwa kila namna, upepo unahama, ndege wanahama, jua linahama, siafu wanahama, hata bei ya mkaa nayo inahama, afu sisi tumeinamia simu tunashangaa mbona mwaka huu mvua imekuja bila taarifa. Taarifa zilikuwepo kibao.

Ombi langu leo ni moja. Kila nyumba iwe na daftari la shule, lile la kawaida, na kila jioni mtu mmoja aandike vitu vitatu: upepo wa mchana ulitoka wapi, kuna nini kipya umekiona au kukisikia, na mvua ipo haipo. Basi. Dakika mbili hazifiki. Nasema daftari na sio kichwani kwa sababu kichwa kinadanganya bwana, mtu atakuapia kabisa mwaka juzi mvua ilianza tarehe kumi kumbe anachanganya na mwaka ule wa harusi ya dada yake.

Na haya mambo ya kuhesabu siku msidhani yameletwa na semina. Wazee wa pwani hii walikuwa na mwaka wao wa jua kabisa, mwanzo wake siku ya mwaka, Nairuzi, ile ambayo Makunduchi kule Unguja mpaka leo wanaifanyia Mwaka Kogwa mwezi wa saba, na kutoka hapo wanahesabu miongo, siku kumi kumi, muongo fulani unafyeka, muongo fulani unapanda, muongo fulani bahari haiendeki. Kwa nini wasitumie mwezi muandamo peke yake? Kwa sababu mwaka wa mwezi ni mfupi, unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, si mnaona Ramadhani inavyotembea, mara ipo kwenye kiangazi mara ipo kwenye kipupwe, sasa ukipanda mahindi kwa kufuata mwezi wa dini baada ya miaka michache unapanda kwenye vumbi tupu. Kwa hiyo ibada walihesabu kwa mwezi, shamba na bahari wakahesabu kwa jua. Watu walikuwa na kalenda mbili kichwani na hawana hata saa ya ukutani.

Sasa tuanze na upepo, maana upepo ndo baba wa yote haya. Kuanzia Desemba mpaka sasa tuko kwenye kaskazi. Hapa Chanika ni rahisi sana kuujua, kaskazi inatupiga kutoka upande wa mjini, simama uangalie kule Posta iliko, upepo unatoka huko, na kusi inatupiga kutoka upande wa Mkuranga. Huhitaji kifaa chochote, angalia bendera pale shule, angalia moshi wa jikoni unalalia wapi saa tisa alasiri, angalia makuti ya mnazi yamechanwa kuelekea upande gani. Huu upepo ndo uliokuwa unaleta majahazi kutoka Arabuni na India, wanashuka nao, wanafanya biashara, afu wanakaa wanasubiri kusi ianze kama Aprili ndo iwarudishe kwao, na katika kusubiri huko ndo watu walioa, wakajenga, wakazaa, wengine tupo hapa.

Kaskazi haikatiki siku moja. Inachoka. Kwanza asubuhi unaona hewa inatoka bara, baridi kidogo, umande kwenye majani, mchana inageuka inatoka baharini, jioni imelala kabisa. Afu zinakuja siku hakuna upepo popote, jani halitikisiki, usiku shuka imelowa jasho na feni inakuzungushia moto uleule, mtoto analia, mbwa kalala kwenye mfereji. Wavuvi wanaita tanga mbili, maleleji, kwa sababu unaweza kutoka na upepo huu na kurudi na mwingine, au usirudi na wowote ukapiga kasia. Wengi wenu mnauchukia huu wakati, na mi silali pia, lakini kwenye daftari langu huu ndo wakati naandika mistari mingi kuliko mwaka mzima. Upepo ukianza kutojua unakokwenda, jua kuna kitu kikubwa kimefika juu yetu.

Kitu gani? Ni ule ukanda wa mvua. Jua Desemba lilikuwa kusini yetu, sasa linarudi kaskazini, na penye jua kali hewa inapanda juu, ikipanda inavuta hewa nyingine kutoka pande zote mbili, zikikutana zinapanda, zinapoa, zinakuwa mawingu. Huo ukanda unalifuata jua kwa nyuma, unachelewachelewa, kama mbwa anayemfuata bwana wake kwa mbali. Jua linapita juu yetu mwanzoni mwa Machi, ukanda unafika wiki kadhaa baadaye, na Aprili ndo inakuwa mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote hapa Dar. Ukishapita kwenda kaskazini, kusi inaingia, inasukuma baridi, tunafika kipupwe, watoto wa shule wanavaa masweta kwenye nyuzijoto 19 wanatetemeka utadhani Makete.

Saa ngapi sasa? Sita na nusu kasoro. Bado kidogo.

Niseme habari za ndege haraka. Nani hapa ameona mbayuwayu kwenye nyaya za umeme siku hizi, wamejipanga wengi kuliko kawaida? Ee, mama ameona. Wale wenye mkia uliogawanyika mara mbili, shingo ina rangi nyekundu nyekundu. Wale sio wa kwetu moja kwa moja, wanazaliana Ulaya, wanakuja kukaa na sisi baridi ikiwazidi kule, na sasa wanakula sana wanajaza mafuta kwa sababu Machi hii na Aprili wanaondoka. Ndege wa gramu 20 tu, anatoka hapa Chanika anavuka jangwa la Sahara mpaka huko kwao, afu sisi kwenda Kariakoo tu tunalalamika. Keremkerem nao hivohivo, mtawasikia kabla hamjawaona, wanapita juu sana kwa kundi wanaita kwa sauti ya kugongagonga, prruu, prruu, ukiinua kichwa unaona vivuli tu. Mwenye ndugu Kunduchi au Kigamboni aende ufukweni maji yakitoka, wale vitwitwi wanaokimbiakimbia kwenye matope wengine wanatoka kaskazini kabisa mwa Urusi, Siberia, na kabla ya kuondoka wanabadilisha manyoya, unamkuta ambaye Januari alikuwa wa kijivu tu sasa kifua kimeanza wekundu. Anavaa nguo za harusi uwanja wa ndege, ndo ilivyo.

Wakati hao wanafunga mizigo, wenyeji wanajenga. Mnana, yule wa njano, mtaona sasa hivi dume linachana jani la mnazi uzi mmoja mmoja, mvua zikiingia kwao ndo chakula na majani mabichi ya kushonea. Mwenye mnazi wenye viota asikasirike na makuti kuchanwa, mnazi haufi kwa hilo. Kunguru simzungumzii, yule mweusi mwenye shingo ya kijivu aliletwa Unguja miaka ya 1890 eti asafishe taka, akasambaa mpaka huku, yeye msimu wake ni jalala na jalala halina kiangazi.

Haya, muda umefika. Twendeni kwenye kijiti. Wazee nendeni taratibu, vijana wapisheni. Watoto zungukeni duara msikanyage. Sasa niambieni kivuli cha hiki kijiti kiko wapi? ... Hakipo. Angalia vizuri, kimebaki kidoti tu hapa chini kwenye shina. Angalia na chako mwenyewe, umekikanyaga. Hii ni mara mbili tu kwa mwaka hapa kwetu, sasa hivi mwanzoni mwa Machi na tena kama tarehe kumi ya Oktoba, jua linakaa utosini kabisa, sio karibu na utosi, utosini. Baada ya leo mkija hapa mchana kivuli kitaanza kulala upande wa kusini, wakati mwezi uliopita kilikuwa kinalala upande wa kaskazini. Ndo maana nasema kiangazi kina mlango wake wa kutokea, na unaweza ukausimamia.

Kijana ameuliza swali zuri, mbona sio saa sita kamili. Saa yetu ya Afrika Mashariki imepangwa kwa jua la nyuzi 45 mashariki, mstari ambao unapita karibu na Mogadishu, sisi tuko magharibi yake kwa hiyo jua linatufikia kama dakika 23 baadaye, na dakika nyingine 12 hivi ni kwa sababu dunia haizunguki jua kwa mwendo ule ule mwaka mzima na pia imekaa kwa kuinama, mwezi huu jua linachelewa na kuna miezi linawahi. Kwa hiyo saa sita ya mkononi sio saa sita ya jua. Waadhini wanalijua hili siku nyingi, ndo maana adhuhuri haisaliwi saa sita kamili. Turudini kivulini, mtu asianguke hapa.

Sasa kazi za nyumbani, maana najua kina mama mnasema huyu mzee anaongelea vivuli na mimi nina muhogo haujakauka. Mwenye makopa ayamalizie wiki hizi mbili, yakipata unyevu yanaota ukungu mweusi na ule ukungu sio wa kufuta na kitambaa ukapika ugali. Kuni zipande juu kwenye uchaga. Mkaa kama una uwezo weka gunia sasa, barabara za huko Kisarawe ndani zikishateleza mwenye gunia anakutajia bei huku anaangalia mawinguni. Nyumba za makuti, kagueni paa mchana mkiwa ndani mmefunga madirisha, penye nyota za mwanga ndo penye kuvuja.

Maembe. Huu mwembe tuliokaa chini yake umebakiza yale ya mwisho mwisho, yanaanguka yenyewe, na hapo ndo pana balaa, kwa sababu embe lililoanguka lina funza wa inzi wa matunda, wale waliotoka Asia wakaonekana kwetu mara ya kwanza 2003, na ukiliacha pale funza anatoka anaingia kwenye udongo, anakuwa inzi, na mwakani anakusubiri. Mnafagia mnalundika pembeni, hiyo sio kufukia, hiyo ni kumtengenezea nyumba. Chimba shimo futi mbili, mwaga, shindilia udongo. Watoto wawe na hiyo kazi kila jioni mpaka embe la mwisho. Wenye bolibo na dodo za kuuza mkifanya hivo mtaa mzima mtaona tofauti, akifanya mmoja peke yake anajichosha, inzi hana habari na uzio.

Maji. Hapa naomba mnisikilize sana kwa sababu tunanunua maji ya boza kwa bei ambayo siitaji hapa mbele ya watoto, na kuna visima vya chumvi, wakati mbinguni yanakuja bure. Hesabu ni hii: mvua ya milimita moja kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Ukiwa na nyumba ya mita 10 kwa 6, hiyo mita 60 za mraba, mvua moja ya milimita 20, ambayo kwa Aprili ni mvua ya kawaida tu, ni lita 1,200. Ndoo kubwa 60. Kwa mvua moja! Yakipotea kidogo kwenye gata bado una ndoo za kutosha. Kwa hiyo panda juu sasa kabla bati halijalowa, toa majani ya mwembe kwenye gata, ziba matundu, na mvua ya kwanza kabisa isiingie kwenye tenki, hiyo inaosha vumbi la miezi mitatu na kinyesi cha kunguru wetu. Tenki lifunikwe. Mbu wa dengue anapenda maji safi yaliyotulia na anauma mchana, na Dar tumeona dengue 2014 tukaiona tena 2019, matairi, makopo, vifuu vya nazi, vyote vigeuzwe au vitupwe.

Nikisema vitupwe sisemi mtoni. Maji ya hii milima ya Pugu na huku kwetu mengine yanashuka Msimbazi mengine Kizinga na Mzinga, kote huko chini kuna nyumba za watu. Ukitupa godoro bovu huku juu wakati wa kiangazi unaona korongo kavu, halina mwenyewe, lakini masika yakija lile godoro linasafiri linaenda kuziba kalavati ya mtu kule Jangwani, bondeni mjini. Na msidhani hatari ni masika tu, yale mafuriko makubwa ya Desemba 2011 yalikuwa vuli, watu wakahamishiwa Mabwepande. Na kimbunga Hidaya kilifika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, wakati wengi tulishaanza kusema mvua zinaelekea ukingoni. Hayo mambo hayafuati daftari la mtu.

Hapo ndo nafika kwenye jambo lenyewe, na najua wengine hamtalipenda. Kuna wazee wenzangu wanasema sisi tuna dalili zetu, hatuhitaji watu wa hali ya hewa. Na kuna vijana wanasema dalili ni ushirikina, wao wana simu. Wote mnakosea, ila mnakosea tofauti. Chukua dudumizi, tipitipi wengine mnamwita, ndege wa vichakani yule anayelia kwa kushuka, du-du-du-du-du utadhani maji yanamiminwa kwenye chupa. Akilia sana watu wanasema mvua. Mi nimeandika kila nilipomsikia, na ni kweli hewa ikiwa na unyevu mwingi analia zaidi, lakini pia nimemsikia Januari kwenye ukame mkavu, akalia kutwa nzima na hakuna tone. Yule ndege anajua hewa ya leo. Siafu wakihamisha mayai wanajua udongo wa leo. Mbuyu ukichipua majani unaijua wiki hii. Hakuna hata mmoja kati yao anayejua kama masika ya mwaka huu yatakuwa makubwa au madogo, hilo hawana. Hilo ndo wanalo Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanaangalia joto la bahari huko Hindi na Pasifiki, wanatoa mwelekeo wa masika kabla hayajaanza, wastani, juu ya wastani, chini ya wastani, huo utie maanani. Lakini na wao hawakuambii kama wingu la leo saa kumi litanyesha kwako au litanyesha Msongola likakuruka. Kwa hiyo ukubwa wa msimu muulize mwenye kompyuta, siku ya kupanda muulize udongo wako, na daftari ndo linakuunganishia hao wawili. Dudumizi muache aimbe, anaimba vizuri.

Siku ya kupanda ndo penye hasara. Kila mwaka mwezi wa tatu mwanzoni inanyesha moja, kubwa, yenye radi, vumbi linatulia, udongo unanukia, watu wanatoka na majembe alfajiri utadhani kuna zawadi, mahindi yanaingia chini. Afu kaskazi inarudi, jua wiki mbili, mbegu imeota imeungua. Wananunua tena mbegu. Jirani zangu wamefanya hivi mara nyingi na wakinikuta barazani nimekaa wananiona mvivu. Mimi nafanya vitu viwili. Kwanza naangalia upepo, kama saa tisa alasiri bado unatoka upande wa mjini kwa nguvu na kila siku, sipandi, hata kama jana ilinyesha. Pili nachimba na jembe sehemu tatu za shamba, unyevu ukiwa umeshuka shubiri nzima na zaidi ndo natoa mbegu. Juu pakiwa pamelowa vidole viwili tu na chini vumbi, hiyo mvua ilikuja kusalimia.

Na ukishapanda usikae, wale viwavijeshi vamizi tunao tangu 2017, mahindi yakiwa na majani matano sita pita asubuhi ukitazama ndani ya moyo wa mhindi, ukikuta unga unga wa kinyesi na majani yametobolewa yupo humo, mtoe kwa mkono kama shamba ni dogo. Kunde na mbaazi pandeni katikati, msiweke mayai yote... aa, hiyo mnaijua.

Kumbikumbi wakitoka jioni baada ya mvua nzito zimeni taa za nje, achieni kuku asubuhi wamalizie, na wale mnaotoka mikoa ya kula kumbikumbi hamna haja ya kufundishwa, sisi wengine tunajifunza.

Wenye ndugu kando ya bahari, Kimbiji, Mjimwema, huko, Machi hii kwenye mwezi mchanga na mwezi mpevu maji yanatoka mbali kuliko miezi mingi, bamvua kubwa, kupwa na kujaa kunapishana zaidi ya mita tatu. Watoto wapelekeni wikiendi moja. Wataona mwamba ambao mwaka mzima uko chini, akina mama na vijiti vyao vya pweza, vitwitwi, kaa, majani ya bahari. Ila mtu mzima awepo na aangalie saa, maji yanavyotoka kwa madaha ndivyo hayarudi kwa madaha.

Maswali. Ndiyo mwanangu wa pikipiki. Anauliza kama anaweza kuandika kwenye simu badala ya daftari. Andika popote, mradi simu ikiibiwa Gongo la Mboto miaka yako isiondoke nayo. Piga picha kijiti, piga picha wingu, lakini upepo hauonekani kwenye picha, huo uandike.

Mama yangu pale. Nyoka. Swali zuri, nimelisahau na ni kubwa. Nyasi zikikua na panya wakikimbia maji mashimoni nyoka anawafuata mpaka jikoni. Fyeka kuzunguka nyumba sasa wakati nyasi ni kavu na fupi, kuni zisipangwe ukutani mwa chumba cha kulala, usiku toka na tochi na kiatu hata kama choo ni hapo tu. Mtu akiumwa usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu, mtulize asitembee, mguu au mkono usichezechezwe, panda naye bodaboda katikati ya watu wawili mwende hospitali. Wembe na jiwe jeusi vinapoteza muda tu, na muda ndo dawa ya mwanzo.

Mwingine? Anauliza nitapanda lini. Leo mchana upepo umetoka wapi? ... Mjini, eeh. Basi bado. Jumapili ijayo nitachimba, nitakwambia. Mwenyekiti ananionesha saa, wenye maswali ya mbegu bwana shamba wa kata yupo pale nyuma, muulizeni habari za mahindi ya Staha na TMV-1 na mbegu gani amezipata mwaka huu, na mwulizeni risiti, mbegu isiyo na risiti msinunue.